"Bado ipo? Mwisho ngapi?": namna ya kuwajibu wateja ukiuza kitu used mtandaoni

Kila wiki lazima kuna mtu ananifuata, jirani, binamu, dada niliyesoma naye, anataka kuuza friji au TV au simu yake mtandaoni na wote wamekwama palepale: meseji zinaingia kama mvua, watu wanauliza wee, halafu hakuna anayekuja kuchukua. Na mimi wananiuliza yaleyale. Anayetaka bei ya mwisho nimjibuje? Nimwambie kama ilishawahi kuharibika? Huyu anayetaka kutuma hela bila kuona ni tapeli? Basi nimeona niandike yote sehemu moja, ukinifuata tena nakutumia hii tu.

Mimi nipo Dar, Tabata, na nimeshauza vitu vya ndani vya kwangu, vya dada yangu, vya mama mwenye nyumba wangu, mpaka vya watu nisiowajua vizuri. Mfano ntatumia friji, manake hakuna kitu kinaulizwa maswali kama friji, ukiiweza hiyo kabati na kitanda ni mteremko.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Mtu anayekuuliza maswali pale anakupima wewe. Friji ataiona akifika. Saivi anachotaka kujua ni kama huyu mtu ninayetaka kukodi kirikuu toka Mbagala nimfuate ni mkweli au naenda kupoteza nauli na pengine na hela yenyewe. Kwa hiyo akiona majibu yako yanabadilika badilika, leo umesema imetumika mwaka mmoja kesho miwili, ameshaondoka na hatokwambia kwanini.

Vya kuandaa kabla hujatangaza

- Picha saba nane za mchana, zako mwenyewe, usichukue za gugo. Mbele, ndani, mpira wa mlango, nyuma kwenye kompresa, kile kibandiko chenye wati na lita na aina ya gesi, na kila penye kasoro.
- Video fupi, nusu dakika inatosha: unaanzia kwenye soketi, unaonyesha taa inawaka, unafungua friza unaonyesha barafu. Bila kukata katikati.
- Vipimo kwa futi kamba. Kimo, upana, kina, kwa sentimita. Utashangaa wangapi wanauliza "itapita mlangoni?"
- Risiti kama bado unayo, au hata picha ya risiti.
- Bei tatu umeziandika pembeni: ya tangazo, ya kufurahi, na ile ambayo chini ya hapo bora friji ibaki ndani ikae na vikombe. Hiyo ya tatu usimwambie hata mumeo, atakuja kuropoka mbele ya mteja (langu limenikuta).
- Laini ya simu tofauti na ile iliyofungwa na akaunti yako ya benki.
- WhatsApp Business. Ni bure, na ina sehemu ya kuhifadhi majibu, unaandika mkwaju na neno fupi, mfano /ipo, jibu zima linakuja lenyewe. Ukijibu watu arobaini kwa siku utanishukuru.

Hatua

1. Tangazo lijibu maswali matano kabla hayajaulizwa.

Bei, mahali, umri, kasoro, usafiri. Hayo matano yanabeba karibu kila kitu. Watu wanaandika "friji kali bei poa inbox" halafu wanalalamika wanasumbuliwa, sasa si umewaita mwenyewe waje waulize? La kwangu huwa linakaa hivi:

"Friji ya milango miwili, lita 210, nilinunua mpya Kariakoo mwaka 2021. Inagandisha vizuri. Droo ya chini ina ufa na mlango umekwaruzika kidogo, angalia picha ya 6 na 7. Laki mbili na themanini, maongezi yapo ukishaiona. Ipo Tabata Segerea. Usafiri wa mnunuzi, kirikuu naweza kukuitia."

Hata ukiandika hivyo bado kuna atakayeuliza bei. Usikasirike na usimjibu "soma tangazo". Wengine bando limebana, picha imefunguka maandishi hawajayaona, au wametumiwa screenshot tu na rafiki. Mjibu bei, songa mbele.

2. "Bado ipo?" jibu kwa sentensi inayomsogeza.

Ukijibu "ipo" peke yake maongezi yanafia hapo, yeye atasema "ok" na mtakuwa mnaangaliana. Mimi naandika: "Ipo mkuu, ipo Tabata Segerea na ipo kwenye umeme, unaweza kuja kuiona leo baada ya saa kumi au kesho asubuhi. Unatokea wapi?" Hapo mwenye nia anasema anatokea wapi na asiye na nia anapotea, wote wawili wamekusaidia.

Jibu haraka. Anayetafuta friji leo ameshawaandikia watu sita, na mara nyingi anaenda kwa aliyejibu kwanza hata kama si rahisi kuliko wote.

3. Maswali ya hali ya kitu: sema kasoro wewe, tena mapema.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu na mimi niliharibu vilevile. Friji yangu ya kwanza kuuza ilikuwa na droo imepasuka, kitu kidogo kabisa, nikaona nisimwambie mteja, atajionea na hatojali. Akaja na kirikuu toka Mbagala kabisa, akafungua mlango, akaiona ile droo. Unadhani alisema kuhusu droo? Akaanza kuuliza kompresa. Akainama nyuma akasikiliza, akaniuliza hii gesi imeshajazwa mara ngapi, akaniangalia kama mwizi. Friji ilikuwa nzima! Lakini ameshaona nimeficha kimoja, sasa kwanini aamini kingine. Aliondoka bila friji na nusu ya hela ya kirikuu nililipa mimi kwa aibu. Toka siku hiyo kasoro ndo naanza nayo.

Maswali ya hapa na nyuma yake kuna nini:

"Imetumika muda gani?" Taja mwaka ulionunua na kama ilikuwa mpya au na wewe ulinunua used. "Sio muda mrefu" sio jibu.

"Imeshafunguliwa?" Anauliza kama fundi ameshaigusa. Kama ilijazwa gesi au kubadilishwa kompresa sema lini, na kama fundi yupo mpe namba yake baada ya kumuomba fundi ruhusa. Kuwahi kutengenezwa sio dhambi.

"Inakula umeme?" Hili watu wanajibu "hapana haili kabisa" ambalo ni uongo hata mtoto anajua. Pima. Usiku kabla ya kulala zima kila kitu acha friji tu, andika uniti zilizopo kwenye Luku, asubuhi soma tena. Yangu ilikula uniti 0.6 kwa masaa kumi na mbili, nikawa nawaambia watu hivyohivyo, na kwamba mchana inazidi kidogo kwa sababu mlango unafunguliwa. Ile namba moja iliuza friji kuliko picha zote.

"Ni ya volti ngapi?" Usidharau hili. Vitu vilivyotoka Japani vingi ni vya volti 100 na vya Marekani 110 au 120, ukichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma umekiunguza. Soma kibandiko cha nyuma, usikisie.

"Kwanini unauza?" Jibu fupi na la kweli. Umenunua kubwa, unahama, haitoshi jikoni. Kama kweli unasafiri sema unasafiri, lakini ujue kila tapeli nae "anasafiri" kwa hiyo usishangae wakikutilia shaka. Na usije ukasema una dharura ya hela hata kama unayo, hapohapo bei inakatwa nusu.

Kwa TV swali ni inchi na king'amuzi. Inchi zinapimwa kona kwa kona ya kioo chenyewe, kwa mshazari, fremu usiihesabu. Inchi 43 ni kama sentimita 109. Anayeuliza kama ina king'amuzi ndani angalia kwenye kibandiko au kitabu chake, ikiwa imeandikwa DVB-T2 basi inacho. Kwa simu piga *#06# namba za IMEI zitoke, ni tarakimu 15, mteja akija aziangalie mwenyewe na akitaka azitume 15090 kwa meseji aletewe jina la simu alinganishe. Ila IMEI usiibandike kwenye tangazo. Na kabla hujamkabidhi toa akaunti yako ya Google au iCloud, la sivyo kesho anakupigia simu imejifunga na anaamini umemuuzia ya wizi.

Usilolijua sema utaangalia, kisha angalia kweli. "Ngoja nikacheki nyuma nikupigie picha" ni jibu zuri sana.

4. "Mwisho ngapi?" usitaje mwisho kwenye chat.

Hili wataalam wa mjini watanibishia ila nimelijaribu pande zote. Ukimwambia mtu mwisho laki mbili na nusu kabla hajaiona, akifika kwako hiyo laki mbili na nusu ndo inakuwa bei ya kuanzia, mtashuka tena. Kwa hiyo:

"Mwisho ngapi boss?"
"Laki mbili na themanini mkuu, ukija ukaiona ukaridhika tunaongea, hatushindwani."
"Nipe ya mwisho kabisa nijue nije au nisije."
"Ntakupunguzia ukiwa hapa na hela mkononi. Kama bajeti yako iko mbali sana niambie tu usipoteze nauli."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo muhimu. Atasema bajeti yake, na wewe unazo bei zako tatu pembeni. Akisema laki na nusu mwambie kwa upole haiwezekani, usimtukane, usimwandikie "nunua jaba la maji". Nimeshauza kwa mtu aliyeanza na laki na ishirini, alirudi baada ya wiki na mia mbili sitini cash.

Anayetaka mbadilishane, "nina simu kali na elfu hamsini juu", mimi jibu langu ni moja: nahitaji hela tu, asante kaka. Ukishaanza kukagua simu ya mtu umegeuka mnunuzi na maswali yote haya yanakuwa yako.

5. "Uko wapi?" taja mtaa na kituo, nyumba baadae.

"Tabata Segerea, ukishuka kituoni nipigie nije nikupokee." Inatosha. Namba ya nyumba na location ya pini haina haja mpaka mtu ameshafika. Kitu kidogo kama simu kutaneni sehemu ya watu, kwenye duka kubwa au mgahawa, mchana. Friji haibebeki kwa hiyo watakuja nyumbani, basi hakikisha hauko peke yako, muite hata jirani aje apike stori sebuleni.

Asubuhi ya siku ya miadi uliza kama bado anakuja, na wewe mwambie kama umeme upo. Ukikatika mwambie ukweli msogeze muda. Friji iwe inawaka tangu jana yake, na glasi ya maji uwe umeweka kwenye friza ikagande. Ukiiwasha nusu saa kabla hajafika atashika ndani kuna joto, ushamaliza.

Dada zangu, mtaulizwa na yasiyohusu friji. "Kumbe ni mrembo hivi, umeolewa?" Jibu swali la friji, la pili lipite kama hujaliona. Akirudia, friji imeshauzwa.

6. "Nishikie nakuja mwisho wa mwezi."

Hakuna kushika bure. Aliyelipa ndo mwenye kitu. Akitaka kweli alete kishika uchumba, na mwandikiane kwenye meseji: ametoa kiasi gani, anakamilisha lini, asipokuja inakuaje. Mimi nasema wazi kwamba siku ikipita namrudishia yote na friji inarudi sokoni, sipendi kesi. Wengine wanakata. Chagua lako ila liandikwe kabla hela haijapokelewa.

7. Malipo.

Ulizaneni mapema ni cash au simu, na kama ni simu nani anabeba ya kutolea. Ugomvi mwingi wa mlangoni ni wa hiyo hela ndogo.

Akishatuma, usiamini meseji, angalia salio. Piga *150*00# ya M-Pesa, au *150*60# ya Airtel Money, au menyu ya mtandao wako, ingia mwenyewe uone hela imeongezeka. Matapeli wanaandika meseji inayofanana kila herufi na ya mtandao ila imetoka kwenye namba ya kawaida, na wewe umeshikwa na furaha husomi juu. Halafu dakika mbili baadae anapiga, "dada nimezidisha kwa bahati mbaya, nirudishie elfu hamsini". Unarudisha kutoka kwenye hela yako mwenyewe.

Na kumbuka anayenunua ndo anatoa hela. Mnunuzi anayekuomba wewe utume chochote, nauli ya dereva wake, sijui ada ya kufungua malipo, sijui ya kibali, huyo hana swali la kujibiwa. Vivyo hivyo anayetaka zile tarakimu sita zilizokuja kwenye meseji "ili nihakikishe kama wewe ni muuzaji halisi": hizo ni za WhatsApp yako, ukimpa imekwenda na ataanza kukopa kwa mama yako. Namba ya siri ya M-Pesa hata sisemi.

8. Usafiri na karatasi.

"Unadeliva?" Sema nani analipa na uishie hapo. Friji ikae wima kwenye gari. Ikilazimika kulazwa, akifika aisimamishe asiiwashe mpaka ipumzike masaa kadhaa, mimi nawaambia ikae wima imezimwa usiku mzima. Mwambie hili kwa maandishi, maana akiichomeka palepale ikasumbua simu itapigwa kwako.

Andikeni karatasi ya mauziano, mkono tu unatosha: majina, namba ya kitambulisho, kitu gani, serial namba, kiasi, tarehe, sahihi zenu na shahidi mmoja. Inamlinda yeye akisimamishwa njiani usiku na friji kwenye kirikuu, na inakulinda wewe akija kusema alikosea kutuma hela. Kila mmoja apige picha.

Kisha futa tangazo siku hiyohiyo, la sivyo "bado ipo?" utazisoma mpaka Idd.

Ikienda kombo

*Wanauliza wengi, hawaji.* Mara nyingi ni bei. Angalia friji kama hiyo wengine wanauza ngapi. Kama bei ni sawa basi ni picha, za usiku zenye flashi zinafanya kitu kionekane kimeokotwa.

*Ameridhika kila kitu ila yupo Mwanza, haamini.* Ana haki. Mwambie amtume ndugu yake aliyeko Dar aje akague na alipe hapahapa, mtu wa mkoani asiye na ndugu Dar sijamuona bado. Baada ya hapo kwenda kwenye basi pale stendi ya Magufuli Mbezi ni kazi ya huyo ndugu, wewe mpe picha za kitu kilivyofungwa.

*Kasema anakuja mara tatu hajaja.* Mwandikie mara moja: "Kuna mwingine anakuja saa tisa, akiipenda anaondoka nayo." Ila iwe kweli. Ukidanganya kuhusu mteja hewa halafu kesho bado unatangaza, amekuona.

*Amefika anaponda kila kitu.* Huyo ananunua. Asiyetaka huwa anasema "ntakupigia" na kuondoka kimya. Muache aponde, mpe maji, subiri aseme bei.

*Amepiga kesho yake anasema haigandishi.* Usizime simu, hata kama moyo unadunda. Muulize aliilaza, aliiwasha saa ngapi, kidude cha baridi kiko namba ngapi, na soketi ina kitu kingine. Yangu moja ilikuwa imewekwa namba moja, akapandisha nne, jioni akanitumia picha ya barafu na neno moja, "sawa". Kama kweli imekufa ndani ya siku moja, mimi naenda na fundi wangu tuangalie, ikiwa ni ubovu uliokuwepo kabla sijamuuzia tunagawana matengenezo. Ila hilo nalisema kabla ya kuuza, na muda wake nautaja: mpaka kesho jioni. Anayepiga wiki ya tatu namsikiliza, nampa namba ya fundi.

*Namba moja inakusumbua na meseji za kitapeli.* Itume 15040, ile namba ya kuripoti matapeli, kisha bloku.

*Umejikuta umeshatapeliwa.* Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako hapohapo kabla hujapiga kwa dada yako kulia, wanaweza kuzuia hela kama bado haijatolewa, kisha polisi ukiwa na chat zote na namba ya muamala. Usifute chochote kwa hasira.